Shaba, Njuga na kisanduku cha saini: niliyojifunza kwa kupima vinasaba vya mbwa wa ukoo

Mnamo Januari 2018 nilirudi nyumbani asubuhi, hapa St. Louis katika jimbo la Missouri, nikitoka zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi, nikakuta bakuli la maji la mbwa wangu limekauka kwa mara ya tatu tangu jioni iliyotangulia. Nililijaza tena. Shaba akanywa hadi tone la mwisho, akainua kichwa na kunitazama kana kwamba sijampa kitu. Alikuwa na umri wa miaka 5, na tangu akiwa na miezi minne hakuwahi kukojoa ndani ya nyumba, lakini kwa wiki mbili sasa nilikuwa nafuta dimbwi mlangoni kila alfajiri, na mkojo wenyewe haukuwa na rangi wala harufu, mweupe kama maji ya bomba.

Shaba alikuwa basenji. Ni mbwa mdogo wa kuwindia, mwenye masikio yaliyosimama, mkia uliojiviringisha juu ya mgongo na makunyanzi kwenye paji la uso. Habweki kama mbwa wengine, bali hutoa sauti inayopanda na kushuka kama ya mtu aliyeanza wimbo akausahau njiani. Asili yake ni Kongo, na jina lake, ambalo Wamarekani hulitamka kama neno la kigeni kabisa, ni ndugu wa neno letu "washenzi", kwa kuwa linatokana na usemi wa huko wenye maana ya mbwa wa watu wa porini. Mimi nilimpenda kwa sababu nyingine. Babu yangu mzaa mama, kule Kasulu, aliwinda na mbwa wanaofanana naye sana, akiwafunga njuga shingoni ili awasikie majanini, na nilipomwona basenji kwa mara ya kwanza katika nchi hii ya baridi nilihisi nimekutana na mtu wa kwetu.

Kwa kuwa kazini tunapima mkojo wa wazee karibu kila siku, nilinunua vijikaratasi vya kupimia katika duka la dawa, nikamfuata Shaba uani nikiwa nimeshika kikombe. Kibandiko cha sukari, ambacho kinapaswa kubaki na rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani, kiligeuka kahawia kabla sijamaliza kuhesabu sekunde 30. Nilijiambia kwamba ni kisukari. Daktari wa mifugo wa kwanza aliyemwona naye alisema hivyo hivyo, na alikuwa tayari kuanza kumpa insulini, hadi mwenzake aliyekuwa zamu siku hiyo alipouliza ni mbwa wa ukoo gani, akasikia jibu, akaomba damu ipimwe kwanza. Sukari katika damu ilikuwa ya kawaida kabisa. Nikiwaza leo, naona kwamba sindano ile ya insulini ingeweza kumuua mbwa ambaye damu yake haikuwa na sukari ya kupunguzwa.

Kilichomsumbua kinaitwa ugonjwa wa Fanconi. Figo yenye afya huchuja damu na kupitisha karibu kila kitu kidogo kilichomo, kisha mirija yake ya mwanzo hurudisha mwilini vile vinavyohitajika, yaani sukari, asidi amino, fosfati, potasiamu na bikaboneti. Kwa mbwa mwenye Fanconi mirija hiyo huacha kurudisha. Chakula kinaingia mdomoni na kutoka kwenye mkojo, damu inazidi kuwa na asidi, misuli inaliwa polepole, na mbwa anakunywa maji mchana na usiku akijaribu kufidia asichoweza kukifidia. Hakuna dawa ya kuponya, lakini mbwa akigunduliwa mapema, akipewa vidonge vya bikaboneti pamoja na vitamini na madini kwa kipimo kinachorekebishwa kila mara kwa kupima gesi na asidi ya damu, anaweza kuishi miaka mingi na kuishi vizuri. Shaba alimeza vidonge vyake ndani ya kijiko cha siagi ya karanga asubuhi na jioni, na aliishi hadi Machi 2024, akiwa na miaka 11.

Nilimpigia simu mfugaji aliyeniuzia, mtu wa jimbo jingine, ambaye sina haja ya kumtaja. Alisikitika kweli, naamini hivyo. Lakini alinieleza kwamba wazazi wote wawili wa Shaba walikuwa wazima siku alipowapandisha, kwamba babu yake alishinda maonyesho mengi, na kwamba cheti cha ukoo alichonipa ni halali. Yote hayo yalikuwa kweli. Nilikitoa cheti kabatini nikakisoma upya usiku ule, na kwa mara ya kwanza niliona kile ambacho hakikuandikwa humo. Kilikuwa na majina ya vizazi vitatu, rangi zao na nambari zao za usajili, na hakikuwa na neno hata moja kuhusu afya ya yeyote kati yao. Cheti cha ukoo kinathibitisha mbwa kazaliwa na nani. Kuhusu alichorithi kutoka kwao, kinanyamaza.

Sisi tunaotoka Tanzania hatuhitaji mfano wa mbali ili kuelewa jambo hili, kwa kuwa tunaijua selimundu. Baba mzima na mama mzima, kila mmoja akiwa na jeni moja tu yenye kasoro na nyingine nzima, wanaweza kuishi hadi uzeeni bila kuugua ugonjwa wenyewe, lakini kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto aliyerithi kasoro kwa pande zote mbili. Fanconi ya basenji hurithiwa kwa njia hiyo hiyo. Kilichoifanya iwe ngumu zaidi ni kwamba huchelewa kujitokeza, mara nyingi mbwa akiwa kati ya miaka 4 na 8, wakati jike ameshazaa mara mbili au tatu na watoto wake nao wameanza kuzaa. Kwa miaka mingi wafugaji waangalifu hawakuwa na njia nyingine ila kupima mkojo kila mwezi na kusubiri. Mwaka 2007 kilipatikana kipimo cha kukadiria kwa kutumia alama za vinasaba zilizo karibu na jeni husika, na mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri, saa mbili kwa gari kutoka mlangoni kwangu, wakatoa kipimo kinachoangalia kasoro yenyewe. Shaba alizaliwa Desemba 2012. Kipimo kilikuwepo. Wazazi wake hawakupimwa.

Hasira yangu ilikuwa kubwa, na ilinifanya nifikiri kwa njia nyepesi mno. Nilidhani suluhisho ni moja tu, mbwa wote wapimwe na kila mwenye kasoro, hata aliye na jeni moja, ahasiwe. Aliyenitoa katika fikra hiyo ni mama mmoja mtu mzima anayefuga basenji kwa zaidi ya miaka 40, ambaye nilitambulishwa kwake na yule daktari wa pili. Nilimkuta jikoni kwake akiwakatia mbwa kucha, akaniambia nikae nimshikie tochi huku akisimulia.

Alianzia mbali. Basenji wa Marekani na Ulaya walitokana na mbwa wachache sana walioletwa kutoka Afrika katika miaka ya 1930 na 1940, kwa hiyo tangu mwanzo walikuwa kama familia moja. Baadaye wakaandamwa na ugonjwa mwingine wa kurithi, upungufu wa damu unaotokana na kukosa kimeng'enya cha pairuveti kinesi ndani ya chembe nyekundu, ambao huwaua mbwa wakiwa bado vijana. Katika miaka ya 1970 wafugaji walipata njia ya kupima damu na kuwatambua wabebaji, yaani mbwa wazima wenye jeni moja tu yenye kasoro, wakafanya kile ambacho mimi nilikuwa nakitaka. Waliwaondoa wabebaji kwa wingi katika uzazi, pamoja na kila kitu kizuri walichokuwa nacho. Upungufu ule wa damu ulipungua sana, lakini familia iliyokuwa ndogo ikawa ndogo zaidi, na wafugaji wa rika lake wanaamini kwamba ni katika kubanana huko ndiko Fanconi ilikopata nafasi ya kuenea. "Tulimfukuza fisi," aliniambia, "tukaacha mlango wa nyuma wazi."

Ndiyo maana mwaka 1987 na 1988 baadhi yao walisafiri hadi kaskazini mwa Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, wakaingia vijijini na kurudi na mbwa ambao damu yao haikuwa imechanganyika na ile ya familia ya zamani. Mwaka 1990 American Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa ukoo Marekani, ilikubali kufungua kitabu chake cha ukoo ili mbwa hao waingizwe. Walileta pia rangi ya milia, mistari myeusi juu ya manyoya mekundu, ambayo basenji wa Marekani hawakuwa nayo. Nilipowaza kwamba mbwa wa mwindaji fulani asiyejulikana jina, mtu aliyewafunga njuga kama babu yangu, ndio walioitwa kuja kuokoa uzao wa mbwa wa maonyesho wa Wazungu, machozi yalinilenga, na sioni aibu kusema hivyo.

Mwaka mmoja baada ya kukutana kwetu, mama huyo alinipa jike wa milia aliyezaliwa kwake, tummiliki pamoja kwa mkataba. Nilimwita Njuga. Alikuwa na umri wa miaka miwili na miezi kadhaa, umri ambao nyonga zake zingeweza kupigwa eksirei na kupewa daraja rasmi, na tulimpima kila kinachopimwa kwa basenji. Nyonga zilikuwa nzuri, tezi ya shingo ilikuwa sawa, na mtaalamu wa macho hakuona kasoro. Kisha tukafanya kipimo cha vinasaba, ambacho kwa macho ni kitu kidogo sana. Unamzuia mbwa asile kwa muda, unachukua kijiti chenye brashi laini mwishoni, unaingiza kati ya shavu na ufizi, unakizungusha na kusugua kwa nguvu kiasi cha kumkera, unaacha brashi ikauke hewani, unaifunga katika bahasha yenye nambari ya usajili na kuipeleka posta. Hakuna sindano wala damu. Mkono wangu ulitetemeka kuliko siku nilipomtoa mzee damu kwa mara ya kwanza.

Majibu yalirudi baada ya wiki chache: Njuga ni mbebaji wa Fanconi. Usiku huo huo niliandika barua ya kuomba nafasi ya kumhasi. Yule mama niliyemmiliki Njuga pamoja naye aliponisikia hakunigombeza, ila aliniuliza swali moja. Je, kama ningekuwa na binti mwenye jeni moja ya selimundu, ningemkataza kuolewa, au ningemshauri ajue hali ya mchumba wake? Nilinyamaza. Njuga alikuwa na mwili mzuri, tabia ya upole ambayo si kila basenji anayo, na damu ya Kongo ambayo watu walivuka bahari kuitafuta. Jeni moja, ambayo kamwe isingemfanya yeye mwenyewe augue, ilikuwa karibu kunifanya nitupe vyote hivyo, wakati jibu liko mkononi. Mbebaji akipandishwa na dume aliye salama kabisa, hakuna mtoto hata mmoja atakayeugua Fanconi. Kwa wastani nusu yao watakuwa wabebaji na nusu watakuwa salama, na katika kizazi kinachofuata unaweza kubaki na walio salama bila kupoteza mema ya mama yao. Kipimo ambacho nilikitazama kama panga la kufyekea kilikuwa ruhusa ya kumtumia mbwa ambaye bila kipimo ningemwogopa.

Kutafuta dume kulichukua miezi saba, muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Wa kwanza tuliyependekezewa alikuwa bingwa, salama kwa Fanconi, lakini alikuwa ameshazaa watoto wengi mno, na dume mmoja anayependwa na kila mtu huingiza kasoro zake zisizojulikana bado katika nyumba zote kwa wakati mmoja. Wa pili alikuwa ndugu wa Njuga kwa baba. Mwenye dume wa tatu alikataa kunionyesha karatasi za vipimo vya macho, akidai kuombwa kwake ni kutoaminiwa. Nilimshukuru nikaondoka. Tangu hapo huwa sisikilizi maneno ya mtu anayesema mbwa wake wamepimwa, naomba nambari ya usajili na kujitazamia mwenyewe katika hifadhi ya majibu iliyo wazi kwa umma, ambayo taasisi ya Orthopedic Foundation for Animals, iliyoanzishwa mwaka 1966, inaitunza. Dume tuliyempata hatimaye hakuwa na mataji mengi, ila alikuwa mzima na hakuwa na uhusiano wa karibu na Njuga.

Basenji wa kike kwa kawaida hupata joto mara moja tu kwa mwaka, msimu wa majani kupukutika, hivyo ukikosea mwaka huu unasubiri mwaka mzima. Njuga alipandishwa Oktoba 2019, na katikati ya Desemba alizaa watoto watano kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri, nikiwa nimepiga magoti kando yake na taulo la moto. Walipofika wiki sita tuliwatenga na mama yao kwa saa kadhaa, maana maziwa ya mama mdomoni yanaweza kuvuruga sampuli, tukawasugua mashavu mmoja mmoja. Watatu walikuwa salama na wawili wabebaji. Bwana mmoja aliyekuwa amemchagua mmoja wa wabebaji aliposikia neno hilo alirudisha mkono mfukoni akasema hataki mbwa mgonjwa. Nilimweleza kwa utaratibu kwamba mbwa huyu hataugua Fanconi maisha yake yote, ila akizaa lazima azae na aliye salama. Hakukubali, na sikumlazimisha, wala sikushusha bei, kwa sababu kumuuza kwa bei ya chini kungekuwa sawa na kukiri kwamba ana kasoro ya kuaibikia. Alichukuliwa wiki iliyofuata na familia ya walimu wawili. Mkataba wa wote watano ulikuwa mmoja: wasizalishwe kabla ya vipimo kukamilika, na wakishindwa kuwatunza, hata baada ya miaka kumi, warudi kwangu.

Mtoto wa kaka yangu anayeishi Arusha alinipigia simu siku zile kunipongeza, kisha akanieleza mpango wake. "Shangazi, nina dume na jike wa jamii ya German shepherd, wamezaliwa tumbo moja, wazuri ajabu, na vyeti ninavyo. Nataka nianze kuzalisha niuze." Nilimwambia, "Mwanangu, kaa chini kwanza." Mtoto wa kaka na dada wa tumbo moja ana uwezekano wa asilimia 25, kwa kila jeni, wa kubeba nakala mbili za kitu kile kile kutoka kwa babu au bibi mmoja, na kama kitu hicho ni kibaya hakitakuwa na cha kukizuia. Nilimsimulia pia kuhusu uti wa mgongo wa mbwa wa jamii hiyo, ugonjwa unaoanza uzeeni kwa kuburuta kucha za miguu ya nyuma na kuishia kwa kupooza, ambao kasoro yake katika jeni ya SOD1 ilitambuliwa mwaka 2009 na inapimwa kwa brashi ile ile ya shavuni. Huo hautendi kama Fanconi, kwa kuwa si kila mbwa mwenye nakala mbili huugua, lakini kumpandisha mwenye nakala mbili na mwenzake kama yeye ni kucheza kamari na miguu ya watoto. Nyonga nazo ni habari nyingine kabisa. Zinaongozwa na jeni nyingi pamoja na lishe na uzito wakati wa kukua, na hakuna brashi ya shavuni itakayokupa jibu, ni eksirei tu, mbwa akiwa amekomaa. Alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akauliza kama anaweza kumtafutia jike wake dume asiye ndugu. Nilimwambia hilo ndilo swali la kuanzia.

Kuna jambo nililolifanya mapema kabla ya hayo yote, ambalo wakati ule niliona ni dogo. Shaba alipogunduliwa, tulipeleka sampuli yake kwa uthibitisho, na fomu ya kuambatanisha ilikuwa na kisanduku kidogo. Majibu mazuri huchapishwa kwa umma moja kwa moja, lakini majibu mabaya huchapishwa pale tu mwenye mbwa anapotia saini yake katika kisanduku hicho. Nilikaa na kalamu mkononi kwa dakika nyingi. Kuchapisha kwamba Shaba ni mgonjwa ni kumtangazia kila mtu kwamba baba na mama yake wote ni wabebaji, na mfugaji yule, pamoja na yote, alikuwa amenisikiliza kwa upole. Kwetu tumelelewa tusitoe ya ndani nje. Nilitia saini.

Februari 2020 alinipigia mwanamke mmoja nisiyemjua, anayekaa mbali sana na hapa. Mbwa wake alikuwa wa wazazi wale wale, mdogo wa Shaba kwa mwaka mmoja, na alipokuwa akitafuta jina la baba yake katika hifadhi ile alikutana na jibu la Shaba. Alitaka tu kujua kama habari hiyo ni ya kweli. Nilimuuliza kama mbwa wake anakunywa maji mengi. Akasita, akasema ndiyo, tangu Krismasi, lakini wao walidhani ni kwa sababu ya joto la mashine ndani ya nyumba. Nilimwelekeza anunue vijikaratasi gani na asubiri sekunde ngapi. Saa tatu kasoro robo usiku alinitumia picha ya kibandiko chenye rangi ya kahawia, na kesho yake jioni akanitumia vipimo vya damu, ambavyo vilionyesha kwamba asidi ilikuwa imeanza tu kupanda na misuli ilikuwa bado haijaguswa. Siku hiyo hiyo mbwa wake alianza vidonge. Baada ya wiki moja alinipigia tena, akiwa na fomu ya kipimo cha vinasaba mbele yake, akaniuliza kile kisanduku cha saini kiko wapi. Nikamwonyesha.